Plagi Niliyokuwa Nikiichomoa

Nakuru,
Jumapili alasiri

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa mikono miwili. Je, kifua kimeacha kukusumbua asubuhi? Na Baba, ule mguu wake unaovimba, anaupumzisha au bado anapanda na kushuka matuta ya shamba kama kijana? Nimesikia kwa binti wa shangazi kwamba mvua huko Taita imeanza mapema na kwamba umeshapanda maharagwe kabla ya jirani zako wote. Nilicheka peke yangu, nikasema huyo ndiye Mama. Na darasa la gumbaru umefika wapi? Barua hii nimeiandika kwa herufi kubwa kubwa ili uisome mwenyewe. Tafadhali usimpe mtu akusomee. Utajua sababu.

Mimi mwili ni mzima. Sina homa, nakula, na vumbi la Nakuru nimelizoea. Lakini moyoni nimeshtuka, Mama, nimeshtuka kwa namna ambayo sijawahi kushtuka tangu unizae. Mkono huu wa mwanao, huu unaoandika, umemfanya mtu mwema aitwe mhujumu na kufukuzwa kazi kama mbwa. Na mtu mwenyewe ni Baba Chebet.

Ngoja nianze mwanzo, nisikuchanganye.

Unakumbuka nilikuandikia kwamba niko switibodi kwenye jengo la Bwana Gurdit, yule Singasinga mzee mwenye duka la vipuri pale chini. Jengo lina ofisi kumi na moja na simu zote zinapita mbele yangu. Nina ubao wenye matundu, kila ofisi na tundu lake, na nyaya zenye plagi. Mtu akitaka Nairobi ananiambia, nachomeka huku, nachomeka kule, wanaongea. Wakimaliza nachomoa. Ndiyo kazi.

Sasa kuna sheria moja sijawahi kukuambia, kwa sababu niliapa nisimwambie mtu. Kabla yangu, wakili mmoja wa orofa ya kwanza aliacha mkono wa simu mezani akaenda zake kula, na laini ya Nairobi ikabaki wazi mpaka jioni. Bili ilipokuja mzee nusura azimie. Tangu siku hiyo opareta lazima atie sikio kwenye laini kila baada ya dakika chache. Akisikia watu, atoke. Akisikia hakuna watu, achomoe. "Lakini wewe hapana sema kwa mtu," Bwana Gurdit aliniambia siku ya kwanza, kidole juu. "Wapangaji nikijua sisi nasikia, wote nahama."

Nikashika sheria hiyo kama amri kumi. Wewe unajua ulivyonilea, kazi hatufanyi nusu nusu. Mwenzangu wa zamu, Bibi D'Souza, Mgoa mtu mzima, yeye akishachomeka plagi anachukua sindano zake na kufuma sweta. Sheria ya kutia sikio aliiacha zamani sana. Wiki yangu ikiwa asubuhi, yake ni mchana, halafu tunabadilishana. Nilikuwa nikimdharau kimoyomoyo, nakwambia kweli. Nikimwona na pamba zake nasema, huyu anakula mshahara wa bure.

Baba Chebet unamjua kwa barua zangu. Ni yule jirani yangu wa Kiamunyi, Mkalenjin mpole, ambaye mkewe hunipa chakula jioni hata nikisema nimeshiba. Binti yao wa kwanza, Chebet, alizaliwa mwaka wa Uhuru na sasa ana miaka kumi na miwili. Huku Kiamunyi bado ni mashamba matupu, na njia ya kwenda mjini inapita katikati ya mahindi. Mama Chebet alipoona natembea peke yangu alimwambia mumewe, "Huyu ni mtoto wa watu, akipatwa na jambo utajibu nini?" Basi Baba Chebet, ambaye anafanya kazi kwenye kampuni ya mbegu orofa ya pili ya jengo letu hilo hilo, akapatana na mwenzake Wafula ili zamu zake zifuate zangu. Nikiwa asubuhi, yeye asubuhi. Nikiwa mchana, yeye mchana. Tukawa tunaenda pamoja na kurudi pamoja, yeye akisukuma baiskeli badala ya kuipanda ili asiniache nyuma.

Mwaka huu kampuni yao ikaleta mashine. Zamani maagizo ya wakulima yaliandikwa kwa mkono na kupelekwa Nairobi kwa basi, na mbegu zinafika mvua ikishapita. Sasa yanapigwa chapa kwenye utepe wa karatasi wenye matundu madogo, na mashine inausoma utepe na kuutuma kwa simu mpaka kwenye kompyuta iliyoko makao makuu. Kazi ya kutuma wakapewa wawili, Baba Chebet na Wafula. Saa nne asubuhi na saa kumi jioni.

Shida ikaanza siku ya kwanza. Mashine ya Nakuru imetengenezwa nchi moja, kompyuta ya Nairobi nchi nyingine, na hazikuelewana hata kidogo. Baba Chebet alinieleza njiani. Alisema kila herufi ina safu yake ya matundu, na mwishoni mashine inaongeza tundu moja au haiongezi, ili idadi itoke sawa na yule anayepokea ajue hakuna kilichopotea. Sasa ya huku ilitaka idadi ya shufwa, ya kule ilitaka witiri. Kila herufi ikawa inakataliwa. Mafundi wa pande mbili wakaanza kulaumiana kwa barua, huyu anasema yangu inasema vizuri ni yako ni kiziwi, yule anasema yangu inasikia vizuri ni yako ina kigugumizi. Ni Baba Chebet aliyekaa na utepe mkononi siku nne, akihesabu tundu kwa tundu, mpaka akagundua. Fundi akageuza swichi moja, zikaelewana. Siku hiyo alinunua mkate na siagi tukala wote pale kwao. Meneja wake, Bwana Gathogo, alimpongeza mbele ya watu.

Furaha haikumaliza juma. Shida ya pili ikaja, na hii ndiyo yenyewe.

Mashine zinaanza kutumiana vizuri, halafu katikati, puu, kimya. Nairobi imepata maagizo ya Naivasha yote mpaka Kihoto, lakini ya Molo hakuna. Baba Chebet anaanza upya, kimya tena. Baba Chebet akabadilisha mkono wa simu. Akasafisha kisanduku cha mashine. Akapunguza mwendo wa utepe. Fundi kijana Mhindi akatoka Nairobi akafuata waya ukutani mpaka nje kwenye nguzo. Akaja hata kwangu, akayasugua matundu yangu yote kwa spiriti, mimi mwenyewe nikamshikia pamba. Akajaribu kila plagi. "Switibodi yako safi sana," akaniambia. Nikajivuna! Hakuna aliyewaza kumkagua mtu anayeishika hiyo plagi.

Hapa usinione mjinga, Mama. Mimi nilidhani mashine ina waya wake, na fundi alipokuja kwangu nilidhani anakagua simu zote za jengo tu. Baba Chebet aliponiomba, "Saru, nipe Nairobi," nilidhani anampigia karani mwenzake wazungumze. Na kweli nilisikia mwanzo wakiongea. "Uko tayari?" "Niko tayari." Natoka. Dakika chache nikirudi kutia sikio kama sheria inavyosema, sisikii mtu, nasikia mlio wa ajabu, kama birika linalochemka na kutetemeka bila kupumua. Nikasema maskini, laini imeharibika, Baba Chebet wa watu ameacha mkono wa simu mezani na kampuni yake italipa bure. Nachomoa. Akipiga tena kuomba laini namwambia, "Pole Baba Chebet, laini ya Nairobi leo ni mbaya. Nikupe nyingine?" Anasema nipe. Nampa nyingine, na mlio ukirudi naichomoa hiyo pia. Mara mbili, mara tatu kwa siku, kwa huruma yangu yote!

Nisingeweza kumwambia kwamba nimekata, maana angeuliza nilijuaje. Naye hakuwahi kunieleza habari za mlio, kwa sababu hakujua kwamba opareta anatia sikio. Hivyo ndivyo tulivyotembea njia moja kila siku, yeye akinieleza ugonjwa na mimi nikimpa pole. Usilolijua ni usiku wa giza, Nyanya husema, na mimi nilikuwa gizani mchana kweupe.

Wiki tatu zikapita. Wakulima wakaanza kuja ofisini kugombana, mvua imekaribia na mbegu hazijafika. Bwana Gathogo akachukua karatasi akachora miraba, kila siku na mraba wake, asubuhi na jioni. Penye kukatika akatia msalaba. Misalaba ikatokea, wiki ya kwanza asubuhi tupu, wiki ya pili mchana tupu, wiki ya tatu asubuhi tena. Kisha akaandika juu yake zamu za watu wake. Misalaba yote ilimfuata Baba Chebet. Kwa Wafula hapakuwa na hata mmoja.

Mtu mmoja wa ofisini akakumbuka kwamba Baba Chebet alishawahi kusema, "Hii mashine itakula makarani wote." Alisema kwa mzaha, makarani wote walikuwa wakisema hivyo. Lakini sasa ikawa ushahidi. Alhamisi ya juma la juzi, saa tisa, kabla hajatuma, akaitwa, akaambiwa anahujumu mashine ya kampuni, avue koti la kazi, aende nyumbani, na Jumatatu jambo lake litapelekwa polisi. Wafula alikuwa ameshaenda nyumbani, kwa hiyo utepe wa saa kumi haukutumwa siku hiyo. Baba Chebet aliteremka ngazi na shati lake tu. Alipita mbele ya mlango wangu, nikamwita, hakugeuka.

Jioni ile nilimkuta kwake ameketi kitandani. Mama Chebet analia jikoni. "Saru," akaniambia, "mimi nimefanya nini? Niambie wewe, kwani mimi nimefanya nini?" Nikamwambia Mungu yupo. Nilimaanisha, maana nilikuwa bado sijui.

Ijumaa zamu yangu ilikuwa mchana. Mama Chebet akaniomba nipande orofa ya pili mapema nimchukulie mumewe miwani aliyoiacha mezani. Nikafika karibu saa nne. Wafula alikuwa anatuma, meneja amesimama nyuma yake mikono mfukoni. Kwa mara ya kwanza nikaiona hiyo mashine. Mama, hakuna waya wake! Kuna kisanduku chenye vikombe viwili vya mpira, na mkono wa simu ya kawaida, hii hii yetu, umelazwa juu yake kifudifudi. Na kutoka pale kwenye mpira kunatoka mlio mdogo.

"Ni nini inalia?" nikauliza.

"Hiyo ndiyo kuongea yao," Wafula akasema. "Yetu inaimba, ya Nairobi inajibu. Inama usikie."

Nikainama. Lo! Birika lile. Birika langu lile lile nililolikata asubuhi na jioni wiki tatu, nikijisifu. Nikashika meza. Wafula akaniuliza, "Wewe, umeonaje? Uko mgonjwa?" Nikasema ni ngazi. Nikachukua miwani nikatoka.

Soma polepole hapa, Mama, na usinitetee.

Saa saba nikampokea Bibi D'Souza kiti. Saa kumi Wafula akaomba Nairobi. Nikampa. Dakika zikapita, nikatia sikio, birika likalia, na mkono wangu ukabaki pajani. Sikuichomoa. Utepe ukapita wote mpaka mwisho. Juu wakapiga makofi, nikawasikia mpaka chini, na sauti ya Bwana Gathogo ikisema, "Sasa mnaona? Si mnaona? Alikuwa ni yeye!"

Ndipo nilipoelewa kwamba nikinyamaza, mashine itafanya kazi milele, na kila siku itakayofanya kazi itakuwa shahidi dhidi ya Baba Chebet. Nilielewa vizuri kabisa. Na bado nikanyamaza. Niliwaza Bwana Gurdit na kidole chake. Niliwaza chumba changu, niliwaza kurudi huko mlimani na sanduku kichwani watu wakiniuliza kulikoni. Nikaenda Kiamunyi, nikampa miwani yake, Mama Chebet akaniwekea ugali na mboga, nami nikala. Nilikula, Mama! Nikasema asante, nikaenda kulala.

Jumamosi nzima nilikaa chumbani nikisema ni kichwa. Jumapili nikaamka na nia ya kwenda kumwambia. Nikakuta mlango wao umefungwa kwa kufuli. Mwenye ploti akasema, "Wameenda kwao Salgaa na lori alfajiri, wamebeba kila kitu mpaka kuku. Mzee alisema hatangoja polisi wamchukue mbele ya watoto." Nikaduwaa pale uani kama mtu aliyepigwa kofi.

Jumatatu zamu yangu ilikuwa asubuhi. Saa tatu na nusu nikamwomba msichana wa duka anishikie ubao, nikapanda kwa Bwana Gathogo. Nikamwambia yote. Akacheka.

"Wewe ni jirani yake. Amekutuma."

"Hajanituma. Hata hajui."

"Basi hiyo ni hadithi ya kutetea mtu wako. Rudi kazini."

Hasira ikanipanda, unaijua hasira yangu. Nikamwambia, "Bwana Gathogo, kata kipande cha karatasi. Niandikie dakika unayotaka mashine yako ife. Usimwonyeshe Wafula. Ikifa dakika nyingine, niitie polisi mimi." Akaandika dakika ya sita. Nikashuka. Wafula akaomba laini, nikampa, macho kwenye saa ya ukutani. Ilipofika dakika ya sita nikachomoa. Nikasikia kiti kinaburutwa juu. Karani akashuka na karatasi nyingine, dakika ya kumi na moja, na Wafula akaomba laini tena. Nikachomoa kumi na moja. Kabla sijaweka plagi chini Bwana Gathogo alikuwa mlangoni anahema, na Bwana Gurdit ametoka dukani kuona nani anakimbia kwenye ngazi zake.

"Kwa hivyo," meneja akasema, "simu zetu zote mmekuwa mkisikiliza?"

Nilimwangalia mzee. Mzee aliketi juu ya sanduku la vipuri taratibu, kilemba chake kikiinama. Hakupiga kelele. "Mimi nasema wewe kata, wewe nakata," akasema. "Hiyo si makosa yako. Lakini mimi nasema pia hapana sema." Akanilipa siku zangu na kuniambia nisirudi. Wapangaji wawili walishatoa notisi kabla ya jioni. Sikumlaumu mzee.

Bwana Gathogo akanipa barua ya Baba Chebet, imepigwa taipu na muhuri juu, kwamba hana hatia na arudi kazini mara moja. Jumanne nikapanda lori la magunia mpaka Salgaa, pale malori yanaposimama, nikauliza nyumbani kwa baba yake, nikatembea saa nzima. Nilikuwa na furaha njiani, Mama. Nilijiona kama mtu anayepeleka habari njema.

Nilimkuta anachimba mashimo ya ua. Mama Chebet anapukuchua mahindi mlangoni, na Chebet yuko pembeni yake, hayuko shuleni. Nikasimama pale pale juani nikasema yote, tangu sheria ya mzee mpaka dakika ya kumi na moja. Nikampa barua. Akavaa miwani, akaisoma mara mbili, akaikunja.

Halafu akaniuliza jambo moja tu. "Ijumaa jioni ulipokula kwetu, ulikuwa unajua?"

Ningeweza kusema uongo. Mungu ni shahidi, uongo ulikuja mpaka kwenye ulimi.

"Nilijua," nikasema.

Mkono wa Mama Chebet ukasimama kwenye gunzi. Chebet akaniangalia.

"Ile ya plagi nimekusamehe," Baba Chebet akasema. "Hukujua, ulifanya kazi. Hii ya Ijumaa, Saru, ngoja kwanza. Hii siwezi kukuambia nimesamehe, nitakuwa nadanganya."

Nikamwambia basi arudi, barua iko, mashine inamngoja. Akatikisa kichwa. "Miaka saba nimekaa pale. Hakuna hata mmoja aliniuliza, Kiprono, ni wewe? Walichora tu miraba. Nikirudi, siku mashine itakapokohoa watachora tena. Barua nitaiweka, watoto wasome. Kazi sitaki."

Nilimsihi mpaka sauti ikaniisha. Mama Chebet aliniletea maziwa lala kwa kibuyu, kwa sababu mgeni hatoki bila kunywa, lakini alinipa akiangalia pembeni. Nikanywa nikaondoka. Hakuna aliyenisindikiza.

Ndiyo habari yangu. Nisalimie Baba, na umweleze kadiri utakavyoona inafaa, lakini usimfichie ile ya Ijumaa. Msalimie Nyanya, umwambie namkumbuka na ugoro wake. Mjomba fundi cherehani mwambie gauni alilonishonea liko sawa, nimelipenda. Shangazi wa kwaya, na mama mkubwa anayeuza ndizi sokoni Wundanyi, wote nawapa mkono. Kaka yangu mwambie asome, asiangalie pembeni.

Mama, nimeandika salamu zote hizo nikidhani nitaifunga barua bila kukuambia jambo moja. Mkono umekataa.

Alhamisi Bwana Gathogo alinitumia mtu. Nikaenda. Nikamweleza kwamba Baba Chebet amekataa. Akashangaa kidogo tu, akaangalia saa yake. Akasema, "Basi kiti kiko wazi. Wewe unaijua sauti ya ile mashine kuliko mtu yeyote hapa. Unaweza kuanza Jumatatu?" Kilichonishtua kuliko mlio, kuliko misalaba, kuliko kufuli mlangoni, ni kwamba nilisema ndiyo kabla hajamaliza kuuliza. Haikunichukua hata pumzi moja. Nilijisikia nikisema, nikageuka karibu nimtafute aliyesema.

Kesho ni Jumatatu. Koti la kazi wamenipa. Ni lake, wamelifua, na mikono yake ni mirefu kwangu.

Usiniandikie kwamba nimekosa, hilo ninalijua. Niandikie jambo moja, na uandike mwenyewe kwa mkono wako wa gumbaru, hata kama herufi zitapinda. Leso nitakayokununulia kwa mshahara wa kiti hicho, Mama, utaifunga?

Ni mimi uliyenizaa,
Saru